Simu iko mfukoni, klabu ya redio ya nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Morogoro. Mjini kwetu kuna watu watano sita, mmoja fundi redio, mwingine mstaafu wa reli, wanataka kuanzisha klabu ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaorusha na kupokea mawimbi kwa mapenzi yao tu, na wananivuta niingie. Nilipomwambia mke wangu akaniuliza: "Simu unayo mfukoni, hiyo klabu ya redio ya nini?" Nikakosa jibu. Klabu hizi zilianzaje, na kazi yake hasa ni ipi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mkeo kauliza swali zuri, usimjibu haraka haraka. Wengi hukimbilia kusema "ni kwa ajili ya dharura." Si uongo, lakini kama hilo ndilo jibu pekee mlilo nalo, klabu yenu haimalizi mwaka. Niruhusu nianzie mbali kidogo, Hartford, mji wa jimbo la Connecticut kule Marekani, mwaka 1914. Tutarudi Morogoro kwa kupitia Chalinze.

Januari ya mwaka huo wapenzi wa redio wa Hartford waliunda klabu ya mji wao. Miongoni mwao alikuwamo mhandisi mmoja, Hiram Percy Maxim. Jina hilo si geni kwetu. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyetengeneza ile bombom, bunduki ya kumimina risasi, iliyowafyeka babu zetu. Lugard, yule afisa wa Kiingereza, alikuwa nayo pale Mengo, Uganda, mwaka 1892. Mwana naye akabuni kifaa cha kuzima mlio wa bunduki. Baba kelele, mtoto kimya. Na akitoka kazini, huyo mtoto alikuwa anakwenda kurusha cheche hewani, maana mitambo ya wakati ule ilikuwa ya cheche kweli, inanguruma na kunuka kama kitu kinaungua.

Mwezi wa Aprili Maxim alitaka kuzungumza na mtu wa Springfield, mji ulio kama kilomita 40 kaskazini ya kwake. Alikuwa anatafuta valvu, ile taa ya kioo ya ndani ya redio, kitu adimu siku hizo. Mtambo wake ulikuwa wa kilowati 1, si haba, lakini haukufika. Akakumbuka kuwa Windsor Locks, katikati ya njia, yupo mwenzao mwenye mtambo. Akamwita yule, akampa ujumbe, yule akaupeleka mbele hadi Springfield. Maxim akarudi kwenye klabu na hoja moja tu: kama mtu mmoja wa katikati ameweza kutuvusha kilomita 40, watu mia waliopangika kwa mstari watatuvusha nchi nzima. Klabu ikakubali, na hapo ndipo ilipozaliwa American Radio Relay League, chama ambacho jina lake lenyewe linataja kupokezana, nacho kipo hadi leo.

Sasa badala ya Hartford weka Morogoro, badala ya Springfield weka Dar es Salaam, na Windsor Locks iwe Chalinze, pale basi linaposimama watu wakanunua mahindi ya kuchoma. Nikiulizwa klabu ya redio ni nini, mimi husema ni kule kumjua mtu wa Chalinze: kujua kwamba yupo, kwamba redio yake inafanya kazi, kwamba saa fulani atakuwa anasikiliza, na kwamba ukimpa maneno atayafikisha kama ulivyoyasema. Mitambo inanunuliwa. Huyo mtu hauzwi dukani.

Hartford hawakuwa wa kwanza. Derby, Uingereza, walikuwa na klabu yao tangu 1911. Na kabla ya mambo ya kupokezana, klabu zile za mwanzo zilikuwa na sababu ya kawaida kabisa: vifaa havikuuzwa. Koili unaisokota mwenyewe kwenye boksi la uji, na aliyebahatika kupata waya mwembamba wa shaba anamgawia mwenziwe. Klabu ilikuwa gulio, karakana na darasa kwa pamoja.

Kisha ikaja sheria, na hapa ndipo pananipendeza zaidi. Mwaka 1912, miezi michache baada ya Titanic kuzama, Marekani ilipitisha sheria ya redio. Wanajeshi na makampuni wakachukua mawimbi marefu, yaliyojulikana kuwa yanafika mbali. Watu wa ridhaa wakasukumwa kwenye mawimbi ya urefu wa mita 200 kushuka chini, masafa ambayo wataalamu wa siku hizo waliyaona hayana faida. Ni kama kwenye kugawana urithi, mdogo apewe shamba la mawe.

Wakalilima hilo hilo. Desemba 1921 mtaalamu wao, Paul Godley, alipanda meli hadi Ardrossan, pwani ya Uskoti, akapiga hema kwenye baridi na upepo, akaisikia ng'ambo ya Atlantiki stesheni 1BCG ya Greenwich, Connecticut. Stesheni ile ilijengwa na wanachama wa klabu, na mmoja wao alikuwa Edwin Armstrong, huyo huyo aliyekuja kutupa FM unayoisikiliza kwenye daladala. Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, akazungumza na Wamarekani kwa kupokea na kujibu, kwenye mita kama 110. Oktoba 1924 ikawa zamu ya mwanafunzi, Cecil Goyder, miaka 18, akiwa na mtambo wa shule yake ya Mill Hill, London. Alizungumza na Frank Bell, mfugaji wa kondoo wa New Zealand. Shule upande huu, zizi upande ule, na dunia nzima katikati. Wewe ni mwalimu, mwalimu, hilo la shule liweke pembeni, tutalirudia.

Shamba la mawe lilikuwa na dhahabu. Hayo ndiyo mawimbi mafupi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza tarehe 27 Juni 1957, na mzee kijijini akawa anazungusha kitufe cha redio yake ya mbao usiku kuitafuta London kati ya mikwaruzo, alikuwa anatembea kwenye njia iliyosafishwa na vijana waliotupiwa kile kilichoonekana makapi. Sijui kama babu yako aliwahi kuambiwa. Wangu hakuambiwa.

Huku kwetu redio ya ridhaa iliingia enzi za ukoloni, na alama yake bado inaonekana. Kila kituo kina jina lake la hewani, herufi na tarakimu zinazoanza na alama ya nchi. Wakati wa Mwingereza, Tanganyika ilikuwa VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5 na Zanzibar VQ1. Baada ya uhuru zile VQ zikatupwa: Tanzania ikapata 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Lakini tarakimu ile ya mwisho ikabaki! VQ3 ikawa 5H3, VQ4 ikawa 5Z4, VQ5 ikawa 5X5, na Zanzibar ikawa 5H1. Bendera ilibadilika, namba ya nyumba ikabaki ile ile. Ukifika uwanja wa ndege wa Dar, tazama ubavuni mwa ndege zetu: 5H hiyo hiyo, kwa sababu orodha ni moja ya kimataifa. Za Kenya huandikwa 5Y, maana wao wana 5Y na 5Z pia.

Leo Kenya ina Amateur Radio Society of Kenya, sisi tuna Tanzania Amateur Radio Club, na majirani zetu Waganda wana chama chao. Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, chama chao ni cha tangu 1972, na marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa hewani kwa jina la A41AA. Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa JY1. Hewani mtu hukumbuki kumwamkia mfalme, unampa ripoti ya ishara yake: inasikika vizuri au inakwaruza.

Haya, kazi yake. Kanuni za redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinaitaja redio ya ridhaa kuwa huduma ya kujifundisha, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya ufundi, inayofanywa na watu wenye kibali, kwa mapenzi yao, bila kutafuta fedha. Ona kilichotangulia: kujifundisha. Na hilo la fedha ni zito kuliko linavyoonekana. Huwezi kumwagizia mtu saruji ya duka lako kwa redio hii. Huwezi kupiga muziki. Huwezi kusema kwa mafumbo ya siri ili wengine wasielewe. Hewani ni barazani, anayepita anasikia. Wenyewe duniani hujiita "ham," nami huwaambia wanafunzi wangu kuwa Kiswahili kimeongeza irabu moja tu kikapata maana yenyewe: hamu.

Kujifundisha kunafika wapi? Joe Taylor, Mmarekani, alianza na redio za ridhaa akiwa kijana, akaishia kwenye kuchunguza nyota kwa redio na Nobel ya fizikia ya 1993. Baada ya hapo hakustaafu kwenye kiti cha kamba. Yeye na Steven Franke mwaka 2017 walitoa FT8, mtindo wa kutuma ujumbe mfupi kwa vipande vya sekunde 15, ambao kompyuta huuchomoa hata pale sikio lako halisikii kitu isipokuwa mvumo. Wati 5 na waya uliotundikwa kwenye mwembe vinafika Ulaya. Kwa mwalimu wa fizikia hiyo ni mada ya mawimbi, kelele na hisabati, na watoto wanaiona ikitokea mbele yao.

Tuje kwenye dharura, nisije nikaonekana naikwepa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania na Kenya ikawa ya kuomba. Sisi wa mawimbi mafupi hatukugundua hadi tulipojaribu kufungua WhatsApp. Mfano mzito zaidi ni wa Desemba 2004. Bharathi Prasad, mama wa Kihindi mwenye leseni ya ridhaa, alikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, na wenzake, wamekwenda kufurahisha hobi: visiwa vile ni adimu hewani na dunia nzima ilikuwa inawaita. Tarehe 26 tsunami ikapiga. Redio za hobi zikageuka njia ya kupeleka bara habari za walio hai. Mwambie mkeo hilo, ila mwambie na la pili: waliweza kwa sababu antena ilikuwa imeshasimama na mikono imeshazoea. Hawakufungua sanduku siku ile wakaanza kusoma maelekezo.

Ndiyo maana sina subira na klabu zinazojitangaza ni za maafa wakati hazikutani hewani hata mara moja kwa mwezi. Niliijua klabu moja, siitaji, ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mhazini, mlezi na mhuri wa mpira. Antena haikuwa nayo. Redio ilikuwa ya mtu mmoja. Alipohamishwa kikazi aliifunga kwenye begi, na klabu ikapanda naye basi.

Nyinyi Morogoro mna bahati ya kuwa na mlima. Wengine wangesema mkosi. Redio ndogo za mkononi za megahezi 144 hadi 146 zinataka kuonana uso kwa uso. Uluguru ikikaa kati, mtu wa Kisaki humpati hata ukipanda juu ya paa. Mnara mrefu wa kurudishia mawimbi ungesaidia, lakini unataka fedha. Njia ya watu wa kawaida ni mita 40, yaani megahezi 7, kwa antena ya waya iliyofungwa chini, mita 5 au 6 tu kutoka ardhini. Kila anayejua kidogo atawaambia antena iwe juu sana. Kwa kazi hii msimsikilize. Waya ukiwa chini, mawimbi hupanda karibu wima, yanagonga ayonosfia, lile tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi, na kunyesha kama mvua kwenye eneo la kilomita mia kadhaa kuzunguka. Yanauruka Uluguru kwa juu. Mchana utampata mtu wa Kisaki, wa Dodoma na wa Dar kwa waya mmoja.

Waya wenyewe ni huo wa kufungia umeme wa nyumba. Gawanya 143 kwa masafa ya megahezi: kwa 7.1 unapata mita 20.14, kata katikati, kila upande mita 10 na kidogo. Waulize wanafunzi kwa nini 143 na si 150, wakati nusu ya 300, ile kasi ya mawimbi kwa mamilioni ya mita kwa sekunde, ni 150. Jibu ni kwamba waya halisi una unene na ncha, na umeme humo ndani unajiona uko kwenye waya mrefu kidogo kuliko ulivyo. Halafu kateni kwa ukarimu. Antena yangu ya kwanza niliipima kwa hatua za miguu, kijana na haraka zake, ikatoka mita 19.3. Mita ya kupimia ikaniambia imekaa sawa kwenye 7.4, kule kwa mashirika ya utangazaji, ambako sina ruhusa hata ya kukohoa. Sisi mwisho wetu ni 7.2. Nikashinda mchana kutwa na solda nikiunga vipande vya mkia. Kukata unaweza tena kesho. Kuunga ndiyo kazi.

Kama mnataka kitu cha kuwavuta vijana, kipo angani. Novemba 2018 ilirushwa setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, ikiwa imebeba chombo cha kwanza cha ridhaa kisichosogea angani, kinaitwa QO-100. Kimesimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 26 mashariki, yaani juu ya Afrika yetu hii. Ulaya inabidi wainamishe ungo kuelekea upeoni. Sisi ungo unakaribia kulala chali, zaidi ya digrii 70 kwenda juu. (Toboeni tundu chini, la sivyo mvua ya masika itawatengenezea bakuli la mbu.) Kusikiliza kunatosha ungo wa televisheni, kichwa chake cha kawaida na kijiti cha USB cha kupokelea redio. Hata kabla ya kununua chochote, kituo cha setilaiti cha Goonhilly, kule Cornwall, Uingereza, kina kipokezi mtandaoni, kinafunguka kwenye simu. Utawasikia watu wa Brazil na Thailand wakipiga soga kwenye bomba moja.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurusha, leseni. Hapa kwetu ni TCRA, Kenya ni Mamlaka yao ya Mawasiliano. Kurusha bila kibali ni kosa la jinai na linawaharibia hata waliotangulia. Ombeni na jina la hewani la klabu, lisiwe la mtu. Redio ya kwanza iandikwe mali ya klabu, ikae shuleni kwako kama mkuu wa shule atakubali. Mtambo ulio karibu na watoto hauishiwi na wa kuugusa, na tumeona Goyder alikuwa nani. Chagueni saa moja ya wiki ya kukutana hewani, msiibadilishe hata akiwepo mtu mmoja tu. Huyo mstaafu wa reli mpeni kazi ya kusimamia ratiba na kupokea ujumbe neno kwa neno. Watu wa reli wameishi maisha yao yote kwa kupokezana taarifa kati ya stesheni na stesheni.

Jambo litakalowasumbua mwanzoni ni saa. Daftari la redio huandikwa kwa UTC, saa moja ya kimataifa, duniani kote. Sisi tuko mbele saa 3, halafu juu yake tuna saa zetu za Kiswahili, basi mtu anachanganyikiwa mara mbili. Kuna mkato ambao Mzungu hana: toa 3 kwenye UTC unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. UTC 15 ni saa 12 jioni. UTC 18 inakupa 15, toa 12, ni saa 3 usiku.

Leo msianze na kikao. Tafuta redio ya mawimbi mafupi yenye SSB, yaani inayoweza kupokea mtindo wa watu wa ridhaa, kwani ya kawaida haitakutolea mlio, na ikifika saa 12 jioni iweke kwenye megahezi 14.100, ukisogeza kidogo tu hadi mlio usikike. Hapo zimepangwa stesheni 18 za dunia zinazopokezana kama minara ya taa ya pwani, kila moja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Pretoria inaita, inayoifuata kwenye orodha ni 5Z4B ya Kenya, halafu Israeli. Zisizokuwepo siku hiyo zinaacha kimya mahali pake. Kila moja inataja jina lake kwa alama za Morse, kisha inapiga milio minne mirefu: wa kwanza wa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati, hafifu kuliko balbu ya tochi. Hesabu unasikia mingapi, andika na saa. Kisha vua hizo hedifoni umvalishe mkeo, naye ahesabu.